Maana ya "upasuaji wa bulete"



Katika Kiingereza cha askari wa Marekani kuna neno "meatball surgery". Tukiligeuza sawa lilivyo, ni "upasuaji wa bulete", zile bulete za nyama ya kusaga ambazo mama anafinyanga kwa mikono, moja nyuma ya ingine, bila kupima. Mutu akilisikia mara ya kwanza anacheka, ao anazani ni matusi kwa waganga. Tunapenda kueleza maana yake, juu ndani ya neno hili kuna fundisho.

1. Neno lilijulikana namna gani?

Lilijulikana kwa habari za vita ya Korea, 1950 mpaka 1953. Jeshi la Marekani liliweka hospitali za mahema karibu na mapigano, zikaitwa MASH. Vita ikisogea, mahema yanafungwa, yanapakiwa katika malori, na hospitali inahama. Helikopta ndogo zilileta majeruhi wamelala katika machela zilizofungwa inje, pembeni ya chombo. Munganga mumoja aliyetumika kule, Hornberger, aliandika kitabu cha hadisi kwa jina la Richard Hooker. Kilitoka 1968. Katika 1970 wakakitolea filme, na tangu 1972 mpaka 1983 televizyo ya Marekani ikaonyesha michezo yake. Kwa njia ile watu wengi wakajua neno hili.

2. Kazi yenyewe

Tufikiri majeruhi makumi wanafika saa moja, na waganga ni wachache. Kama munganga anakaa saa sita juu ya mutu mumoja, apate kushona vizuri sana, wengine watakufa wakingoja. Basi anafanya yale yanayoshika uzima: anazuiza damu, anakata nyama iliyokufa, anatoa udongo na vipande vya nguo, anaziba matumbo yaliyotoboka. Mara nyingi hafungi kidonda. Anakifunika tu na bandeji na kukiacha wazi, maana kidonda cha vita ni kichafu, na kukifunga mbio ni kufungia ugonjwa ndani. Kitashonwa nyuma ya siku kama tano, kikiwa safi. Halafu mugonjwa anapelekwa hospitali kubwa, mbali na vita, ambako mwengine atamaliza kazi.

Kwa hiyo si kazi ya ovyo. Katika vita ya pili ya dunia, mushipa mukubwa wa damu ukikatika, waganga waliufunga tu, na karibu nusu ya wale majeruhi walikatwa mukono ao muguu. Kule Korea, hata na mbio ile, waganga walijifunza kuunga mishipa, na waliokatwa wakawa kama 13 kwa 100. Helikopta, damu ya kuongeza na dawa za kuua mikrobe zilisaidia vilevile.

3. Kuchambua

Kabla ya kisu kuna kuchambua. Sisi tunaosoma Kifaransa tunajua neno "trier", kama vile mutu anavyochambua maharagi katika lungo. Munganga Mufaransa Larrey, aliyefuata majeshi ya Napoléon, alifundisha kwamba anayeumia zaidi atangulie, akiwa mukubwa ao askari mudogo, bila kutazama cheo. Tangu 1792 alitengeneza magari mepesi ya farasi kwa kuokota majeruhi mapigano yakiwa yangali yanaendelea. Lakini kuchambua kuna uchungu: kuna majeruhi ambaye munganga anamuona na kumupita, juu ya kuokoa wengine watatu ambao wangali na tumaini.

4. Na kwetu?

Mambo haya si ya Korea tu. Hospitali ya CBCA Ndosho kule Goma ni ya ndugu zetu Waprotestanti, na tangu 2012 waganga wa Musalaba Mwekundu wanapasua pale majeruhi wa vita pamoja na waganga wa kwetu. Mwezi wa kwanza wa 2025, vita ilipoingia katika muji, majeruhi walipita hesabu ya vitanda. Kazi ilikuwa ile ile: kuchambua, kuzuiza damu, kusafisha, kuacha kidonda wazi, na kurudia kisha siku. Majeruhi wengi hawakuwa askari. Kati yao kulikuwa mama na watoto.

Ndiyo maana tunasema, neno "bulete" tulitumie kwa akili. Mutu anayeshinda katika damu usiku na muchana anaweza kutafuta muzaha apate nguvu ya kuendelea. Sisi tuliokaa inje tusimuite majeruhi nyama.

5. Fundisho

Kuna wenzetu wanaoandika devoir mbele ya mulango wa darasa, kengele ikilia, na wanasema: "Ni haraka tu." Hiyo si upasuaji wa bulete. Munganga wa vita anaenda mbio kwa sababu alijifunza polepole miaka mingi, na anajua ni nini inaweza kungoja na ni nini haiwezi kungoja hata dakika moja.

Tukumbuke Musamaria katika Luka 10. Kule njiani hakumaliza kumuponya yule mutu. Alimimina mafuta na divai, akafunga vidonda, akamupandisha juu ya punda wake, akamufikisha katika nyumba ya wageni. Kesho yake akamuachia mwenye nyumba dinari mbili, amutunze. Yeye alifanya sehemu yake vizuri, na mwengine akaendelea. Wale kati yetu wanaotaka kusoma kazi ya uganga, waanze kufikiri neno hili sasa.