Mbolea hii inafaa kwetu? Namna wakulima wa mahindi wanaweza kujibu wao wenyewe



Leo ninataka tuzungumze juu ya swali moja ambalo wengi wetu tumekwisha kuulizwa. Unarudi nyumbani likizo, unamkuta baba mdogo amekaa chini ya mwembe, anatoa kamfuko ka mbolea ao mbegu mpya ambayo mtu fulani amemletea kutoka Kalemie ao Bukavu. Anakuambia: "Wewe ulisoma. Hii kitu itafaa kwenye shamba langu?"

Mimi nilijibu "ndiyo", juu nilikuwa nimesoma katika vitabu kwamba mahindi yanapenda naitrojeni. Alinunua. Mwisho wa msimu hakuona tofauti, na makuta yalikuwa yamekwisha kwenda. Hakunigombeza. Lakini msimu uliofuata hakuniuliza tena, na hiyo iliniuma kuliko kugombezwa.

Jibu la kweli lingekuwa: "Baba, sijui, na mwenye aliiuza pia hajui. Lakini kuko njia ya kujua." Njia hiyo ndiyo ninataka kueleza.

JUU YA NINI VITABU HAVITOSHI

Nchi yetu iko na utafiti wa kilimo wa zamani. INEAC ilianzishwa mwaka 1933, kituo chake kikubwa kikawa Yangambi. Leo kazi hiyo iko mikononi mwa INERA. Mbegu za mahindi kama Kasai 1, Salongo 2 na Mudishi zilitoka katika kazi ya watafiti wa hapa Kongo. Hiyo ni mali yetu, tusiidharau.

Lakini udongo wa Gandajika siyo udongo wa Salamabila. Hata hapa kwetu, shamba la kando ya mto siyo sawa na shamba la mlimani. Kenya ya magharibi watafiti walipima mahindi katika mashamba ya familia zile zile, wakaona kwamba shamba la karibu na nyumba, pale majivu na samadi vinatupwa, linazaa kuliko la mbali hata bila mbolea ya dukani. Na mbolea ile ile haikuleta faida sawa kila mahali. Mkulima mmoja, mbolea moja, majibu mawili.

Ndiyo maana jaribio linapaswa kufanyika pale pale mahindi yanapolimwa, kwa mkono wa yule anayelima.

JUU YA NINI MKULIMA MMOJA PEKE YAKE HATOSHI

Utasema: wazazi wetu wanajaribu kila mwaka. Ni kweli. Mkulima ni mtafiti tangu zamani. Lakini angalia namna inavyopita mara nyingi. Anaweka mbolea kwenye shamba jipya alilofyeka mwaka huu, lile la zamani analiacha bila kitu. Shamba jipya linazaa vizuri. Ni mbolea, ao ni udongo uliopumzika? Hakuna anayejua.

Ao anaweka mwaka huu, analinganisha na mwaka jana. Lakini mwaka jana mvua ilikatika, na viwavijeshi vamizi, wale waliofika Afrika mwaka 2016, vilikula majani. Hapo pia hakuna jibu.

Dawa ya matatizo haya ilipatikana kwa kulima kando kwa kando. Kule Uingereza, Rothamsted, walianza mwaka 1843 kupanda ngano katika vipande vilivyopakana, kimoja na mbolea, kingine bila. Ronald Fisher alifika hapo mwaka 1919, akaongeza jambo dogo lenye nguvu: kipande gani kipate mbolea, ipigwe kura. Usichague wewe, kwa sababu mkono wako utapendelea upande mzuri hata usipokusudia.

Halafu ile kura inarudiwa kwa wakulima wengi. Mmoja anaweza kuwa na bahati. Kumi na wawili wakiona jambo moja, hiyo siyo bahati tena.

MAMA NA WATOTO

Malawi, miaka ya 1990, mtafiti Sieglinde Snapp na wenzake walipanga majaribio waliyoyaita "mama na mtoto". Shamba la mama liko katikati ya vijiji, lina majaribio yote, na watafiti wanalisimamia. Mashamba ya watoto yako kwa wakulima: kila mmoja anachukua vitu viwili ao vitatu tu kutoka kwa mama, anavilinganisha na kilimo chake cha kila siku. Baadaye mpango huo ulitumiwa sana kupima mbegu za mahindi kusini mwa Afrika.

Jirani zetu wa Kivu nao wanajua kazi hii. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009, Kongo ikiwa mojawapo ya nchi zake, uliweka majaribio ya maharage na soya katika mashamba ya wakulima wenyewe. Kwa hiyo siyo jambo la wazungu peke yao, wala halihitaji maabara.

TUFANYE HESABU PAMOJA

Tuchukue mfano. Wakulima 12 wanataka kujua kama urea inalipa.

1. Kila mmoja anapima vipande viwili, kila kimoja mita 10 kwa 10. Vikae kwenye usawa mmoja wa mteremko, mvua isihamishe mbolea toka kimoja hadi kingine. Katikati waache njia ya mita moja. Pasiwe na kichuguu upande mmoja, wala kivuli cha mti.

2. Mbegu moja, siku moja ya kupanda, nafasi sawa (sentimita 75 kati ya mistari, 50 kati ya mashimo, miche miwili kila shimo), palizi siku moja. Kitu KIMOJA tu kinabadilika: urea. Ukibadilisha mbegu na mbolea pamoja, umepoteza msimu.

3. Vikaratasi viwili ndani ya kofia. Mtoto achague kipande kitakachopata urea.

4. Kwa kipande hicho, kilo 1 ya urea. Ni sawa na kilo 100 kwa hektari, na kwa kuwa urea ina naitrojeni asilimia 46, ni kilo 46 za naitrojeni. Igawe mara mbili, uifukie pembeni ya mche udongo ukiwa na unyevu. Mashimo ni karibu 260, basi kila mara kila shimo linapata karibu gramu 2, chini ya nusu ya kifuniko cha soda. Usiiache juu ya udongo kwenye jua, itapotea hewani.

5. Wakati wa kuvuna, kila kipande na mfuko wake. Kausha siku sawa, pukuchua, pima kwa mzani MMOJA unaozunguka kwa wote.

Uzuri wa mita 10 kwa 10: kila kilo unayopata hapo ni kilo 100 kwa hektari. Hakuna haja ya kalikileta.

Sasa tuseme (ni mfano tu) wakulima 8 walipata kilo 10 zaidi upande wa urea, na 4 walipata kilo 1 tu zaidi. Tuseme pia kilo ya urea ikifika Salamabila, pamoja na usafiri, inagharimu sawa na kilo 4 za mahindi. Watu wa kilimo wako na kanuni: faida ifike angalau mara mbili ya gharama, juu mkulima anabeba hatari ya mvua na ya soko. Kwa hiyo tunatafuta kilo 8.

Piga wastani: 80 na 4 ni 84, gawa kwa 12, ni kilo 7. Wastani unasema: hapana, hailipi. Lakini rudi kwa watu. Kwa wale 8 inalipa vizuri. Kwa wale 4 ni hasara tupu. Wastani peke yake ungewadanganya wote 12.

Hapo ndipo kazi ya msomi inaanza: wale 4 wako na nini? Udongo umechoka, hauna samadi? Walichelewa kuweka? Kuko udongo usioitikia mbolea mpaka kwanza urudishiwe uhai kwa samadi, mboji ao mimea ya jamii ya kunde. Hawa wanne wakificha matokeo yao kwa haya, msimu ujao majirani zao wataingia shimo lile lile.

VITU VINAVYOHARIBU JARIBIO

Kwanza, mwenye kuleta mbolea ndiye anayepima. Mwuzaji hawezi kuwa mwamuzi. Mzani ukae kwa kikundi.

Pili, kuchagua mashamba ya wakubwa tu. Mwenye shamba zuri na vibarua atapata matokeo ambayo mjane hawezi kuyapata. Na tuwe wakweli: kwetu mama ndiye mara nyingi anapalilia na kuvuna. Ukiita mkutano wa wanaume, utapata hadithi. Muulize mama, utapata jibu.

Tatu, mahindi mabichi. Kila mtu anajua namna yanavyopotea njiani, mbuzi mmoja, watoto wawili, mpita njia mwenye njaa. Kila hindi lililotoka liandikwe, toka upande gani.

Nne, kuchukua namba na kutoweka. Mwanafunzi anakuja, anapima, anaandika memwari, anapata distenksheni, haonekani tena. Wenye namba ni wakulima. Siku ya matokeo iwe palepale shambani, kwa Kiswahili, kila mtu asikie lake na la mwenzake.

NA SISI?

Salamabila inajulikana kwa dhahabu ya Namoya. Vijana wengi wako kwenye mashimo, na anayechimba hana muda wa kulima lakini anataka bugali kila siku. Soko liko, basi. Kinachokosekana ni uhakika: mkulima hawezi kutupa makuta yake kwenye mfuko ambao haujui, halafu kipindi kingine akimbie usalama mdogo aache shamba. Ndiyo maana jaribio liwe dogo. Likianguka, familia isilale njaa.

Sisi tunajua salongo, tunajua likelemba. Jaribio la pamoja ni ndugu yao: kila mmoja anatoa kipande kidogo cha shamba, wote wanagawana jibu.

Kinachohitajika: kamba ya mita 10, daftari, mzani, na watu 12 wenye kukubaliana swali MOJA. Mvua za Septemba hazingoji mradi ao mfadhili. Kila mmoja wetu aliye karibu na nyumbani akae na wazazi wakati huu wa kiangazi, awaulize: ni kitu gani mnataka kujua kabla ya kununua?

Mimi nitarudi kwa baba mdogo. Safari hii nitabeba kamba na kofia, siyo jibu.

Na wewe, kijijini kwenu swali lingekuwa gani?