Vumbi halijui serviisi



Fundi wa mashini anasema vumbi ni kazi ya munganga. Munganga anasema ni kazi ya ofisi ya usalama. Ofisi ya usalama inaandikia serviisi ya maji barua. Wakati huo wote mtoboaji wa mawe yuko palepale, anavuta hewa ileile.

Vumbi baya si lile unalopangusa usoni. Mawe mengi ya mgodi yana silika, na yakivunjwa hutoa chembe ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya milimita. Jicho halizioni, pua haizizuii. Zinashuka mpaka chini ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Mara nyingi hujionyesha nyuma ya miaka 10 au zaidi, hauna dawa ya kuuponyesha, tena unafungulia kifua kikuu mlango. Sisi wa dispansere tukiona alama zake kwenye picha ya radio, makovu yamekwisha kuwa humo. Ndiyo maana munganga peke yake hufika akiwa amechelewa.

Tuseme mashini ya kuvunja mawe inatoa vumbi jingi kila alasiri. Munganga ataomba barakoa. Lakini mwendesha mashini anajua kwamba vumbi huanza pale midomo ya kurushia maji inapoziba. Fundi wa bomba anajua inaziba kwa sababu maji yana matope. Mtu wa magazini anajua kwamba chujio jipya halijaagizwa. Kila mmoja ana kipande chake cha habari. Wakikaa pamoja nusu saa, sababu inatoka. Wasipokaa, barakoa zitagawiwa mwaka mzima na vumbi litabaki.

Mji wetu unalijua jambo hili. Union Minière iliyeyusha shaba ya kwanza hapa mwaka 1911, na miaka ile ya mwanzo magonjwa yaliua wafanyakazi wengi. Kuanzia 1928 kompani ilibadili njia: mapatano ya miaka mitatu, bibi na watoto kambini, nyumba na chakula vikiangaliwa pamoja na afya. Munganga, Dokta Léopold Mottoulle, aliongoza serviisi ya wafanyakazi. Vifo vilipungua sana. Serviisi zilishikana, tukubali hivyo. Lakini mfanyakazi mwenyewe hakupewa kiti. Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma kwa ajili ya mshahara, askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira hapahapa mjini.

Leo kiti hicho kiko katika sheria. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka komite ya usalama na afya mahali pa kazi. Kwa maoni yangu, komite inayokutana ofisini tu ni nusu ya komite. Kutaneni mbele ya mashini yenyewe, ikiwa imesimamishwa. Mtoboaji aseme kwanza, shefu aseme mwisho, kwa maana shefu akitangulia wengine hukubali tu. Semeni Kiswahili ikiwa Kifaransa kinamfunga mtu mdomo. Na kabla ya kuachana, andikeni jina la mwenye kufanya kila kazi, na tarehe yake. Jina la serviisi halitoshi: serviisi haina mikono.

Kuna mtu mmoja anayesahauliwa. Ninyi mnaorudi nyumbani Karavia jioni na nguo za kazi mwilini, vumbi linapanda nanyi, linafika kitandani na kwa watoto. Kuoga na kubadili nguo kazini kunamhitaji fundi wa bomba kwa maji, mtu wa magazini kwa kabati mbili, moja ya nguo safi na moja ya nguo chafu, na munganga kwa kuangalia. Bibi pia aulizwe. Yeye ndiye anayeona rangi ya maji ya kufulia.