Moto Ukizimika, Haki Isizimike

Usiku wa Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli, liliungua. Wapo waliobaki na majivu na madeni.

Ndugu msomaji, aliyeunguliwa huililia mali akazisahau karatasi. Mkataba wa kizimba, stakabadhi za mizigo na hati ya bima ndizo zitakazomsemea mahakamani. Zihifadhiwe nyumbani, na mke na mume wote wajue zilipo.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu kuomba msaada bila malipo. Lakini asichelewe: madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, ya mkataba miaka 6. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.