Hekalu la Jua la Modhera

Wafanya biashara Wahindi wengi wa Shinyanga asili yao ni Gujarat. Huko, katika Modhera, liko hekalu la jua lililojengwa kwa mawe yapata mwaka 1026, zama za Mfalme Bhima wa Kwanza. Mbele yake pana birika kubwa lenye ngazi zishukazo mpaka majini, kisha ukumbi wa nguzo 52 zilizojaa nakshi; wachimba dhahabu wa Geita, waijuao taabu ya mwamba, wangestaajabu. Chumba cha ndani chaelekea mashariki, ili siku usiku na mchana zinapolingana, mwanga wa alfajiri ufike ndani. Mnara umekwisha anguka, sanamu haimo, wala hapana ibada ya kila siku. Hata hivyo hatuthubutu kuliita gofu: Machi na Septemba jua hulijia.