Shujaa Mwenye Kipenga

Oktoba 20, 2024, macho ya Wakenya yalikuwa Kwale. Sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa, ambayo kabla ya Katiba ya 2010 iliitwa Siku ya Kenyatta, zilifanyika katika uwanja wa mji huo mdogo wa vilimani. Wanasiasa walihutubia, bendi zikapita. Ni siku ya kuwakumbuka waliolitumikia taifa, na michezo ina nafasi yake humo. Ila tukisema shujaa wa michezo, fikira hukimbilia kwa mwanariadha mwenye medali au mshambuliaji mwenye mabao. Ni nani anayemkumbuka refa wa mpira wa watoto?

Naye si mtu wa kutafutwa kwa tochi. Teremka kutoka Kwale hadi Ukunda siku ya Jumamosi, watu wakishaswali alasiri na jua likianza kulegea. Vijana wa Mvindeni, Bongwe, Gombato na Mwabungo wanaelekea viwanjani, wengine na viatu begani, wengine miguu mitupu. Refa keshafika. Ana kipenga, saa ya mkononi na kadi mbili mfukoni. Washika vibendera wakikosekana, anawaomba wachezaji wa akiba. Goli likiwa halina nyavu, ni jicho lake peke yake litakaloamua kama mpira umepita ndani ya mlingoti au nje. Chokaa ikifutika, mstari anao kichwani. Na mechi sharti iishe kabla ya magharibi, kwa kuwa viwanja vingi vya mitaani havina taa.

Kazi hiyo ina jasho lake. Marefa wa kiwango cha FIFA hupimwa kwa kukimbia mita 75 kwa kasi, kutembea 25, kisha kukimbia tena, mara 40, jumla kilomita 4. Refa wa mtaa hapimwi hivyo, lakini siku ya mashindano anaweza kuchezesha mechi mbili tatu mfululizo katika joto la Pwani, na mara nyingi anachorudi nacho nyumbani ni nauli ya bodaboda na chupa ya maji.

Sheria za soka ni 17. Mchezaji mkubwa anatarajiwa kuzijua; mtoto wa miaka 11 hufundishwa mpira ukiendelea. Amerusha mpira huku mguu umeinuka? Refa mwenye moyo humwonyesha kosa lake, kisha mchezo huendelea. Hapo ndipo ulipo utumishi wake hasa. Mtoto aliyezoea kukatazwa na baba au mwalimu sasa anakatazwa na mtu asiye na udugu naye wala fimbo mkononi, naye anauacha mpira chini na kurudi nyuma hatua kumi. Katika mji kama Ukunda, ambako pesa za utalii, dawa za kulevya na magenge vyote huwavuta vijana, saa mbili za kutii kipenga kila wiki si jambo dogo.

Wapo wasiomtii, na mara nyingi si watoto. Ni wazazi na makocha walio pembeni. Hatari ya kutowaheshimu waamuzi ilionekana Uholanzi Desemba 2012, pale baba mmoja aliyejitolea kushika kibendera kwenye mechi ya timu ya mwanawe alipopigwa na wachezaji vijana, akafariki siku iliyofuata. Mechi zote za ridhaa nchini humo zilifutwa wikendi iliyofuata. Mwaka 2024, bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka iliweka mwongozo unaoruhusu mashindano kuagiza kwamba nahodha peke yake ndiye amwendee refa kumuuliza kuhusu uamuzi. Mwongozo huo haugharimu shilingi, na ungefaa sana kwenye mashindano ya mitaa ya Kwale.

Heshima kwa watu wa namna hii imewahi kutolewa kwingine. Ken Aston wa Uingereza, mwalimu mkuu wa shule, ndiye aliyebuni kadi ya njano na nyekundu baada ya kutazama taa za barabarani. Zilianza kutumika Kombe la Dunia la 1970, Mexico. Baadaye alitumia miaka mingi kuwafundisha marefa wa soka la watoto nchini Marekani, na mwaka 1997 Malkia wa Uingereza akamtunuku nishani kwa huduma yake kwa soka la Marekani.

Afrika Mashariki nayo ina wa kujivunia. Salima Mukansanga wa Rwanda, aliyesomea uuguzi na ukunga, alichezesha Zimbabwe na Guinea mjini Yaoundé Januari 18, 2022, akawa mwanamke wa kwanza kuwa refa wa kati katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Mkenya Mary Njoroge aliteuliwa kuwa mwamuzi msaidizi katika Kombe la Dunia la wanawake 2019 na 2023. Hapa Pwani, shirika la Moving the Goalposts, lililoanzia Kilifi na kufika Kwale, limewafunza wasichana kuchezesha mpira, si kuucheza tu.

Kwa refa mkongwe wa Ukunda, mahali pa kuanzia ni fainali ya mashindano yoyote ya vijana. Kabla kombe halijatolewa, aitwe katikati ya uwanja, na watu wazima aliowachezesha wakiwa watoto waje wasimame naye. Asipewe cheti cha fremu peke yake. Apewe viatu vipya na ada ya kozi ya kupanda daraja. Na kwenye mechi inayofuata, msichana mmoja wa Bongwe au Mwabungo apewe kibendera, asimame mstarini, naye mzee amtazame akiwa katikati.