Mwenye Mkataba ni Mwajiri

Mikataba ya mwaka inapokaribia kwisha, madalali wa bima wa Dar es Salaam na Nairobi huanza kuzunguka kwenye ofisi za rasilimali watu, na swali la kwanza huwa lile lile: mwaka huu watu wenu wametibiwa kwa kiasi gani? Jibu ndilo linalopanga bei ya bima ya kikundi.

Kampuni ya watu 500 haitishwi na swali hilo. Mgonjwa mmoja wa figo anayesafishwa damu kila wiki hubebwa na wenzake wazima. Kwenye ofisi ya watu 15, mgonjwa huyo huyo anaweza kumaliza ada ya wote, na mwaka unaofuata bima ikarudi na bei nyingine au kikomo kidogo zaidi cha matibabu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo soko hili linapowaangusha waajiri wadogo.

Hesabu ya bima ya kikundi ni ya zamani. Anayekimbilia bima peke yake huenda tayari anaumwa. Aliyeajiriwa kuwa mhasibu au dereva hakufuata bima. Kwa hoja hiyo, mwaka 1912 kampuni ya Equitable ya New York iliwakatia bima ya maisha wafanyakazi 2,912 wa Montgomery Ward, Chicago, kwa mkataba mmoja, bila kumpima kila mtu. Hadi leo bima ya maisha ya kikundi huwa na kiwango ambacho chini yake hakuna kupimwa. Anayepelekwa kwa daktari ni bosi, kwa kuwa fidia huhesabiwa kwa mshahara na yake inavuka kiwango.

Sheria nayo inasukuma biashara. Kenya, sheria ya fidia ya ajali kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awakatie watu wake bima, na fidia ya kifo ni mapato ya miezi 96. Tanzania kazi hiyo imepewa mfuko wa umma wa fidia kwa wafanyakazi, WCF. Kampuni binafsi za huko zinagombea afya, maisha na gharama za mazishi.

Mfanyakazi ana kadi tu. Mwenye mkataba ni mwajiri. Ukiacha kazi, kadi huzimwa. Ukifariki, madai hupitia kwa mwajiri, naye huanza kwa kufungua fomu ya wanufaika uliyoijaza siku ya kuajiriwa, pengine kabla hujaoa, na tangu hapo hujaomba kuiangalia tena.