Mtoto wa Kolwezi katika Inchi ya Japani

Mama mmoja wa kanisa letu hapa Kolwezi iko na mtoto kule Osaka, Japani. Alienda juu ya masomo, sasa anatumika kazi ya mashini. Kila siku ya Mungu, kiisha ibada, telefone inalia. Kwetu ni saa saba ya mchana, kwake saa mbili ya usiku.

Mama anauliza kwanza juu ya chakula. Bukari haiko, anapika muchele na samaki, sombe anaiota tu. Siku ya posho anapanda treni mpaka Nara. Kule swala wanatembea katika njia kama mbuzi zetu, na wanamuinamia mtu anayeshika biskuti. Mama alicheka mpaka machozi!

Lakini juma moja kijana akaleta neno lingine. Ndani ya betri ya telefone muko kobalti, jiwe letu hili. Sony ya Japani ndiyo iliuzisha betri za namna hii mara ya kwanza, mwaka 1991. Sasa motokari nyingi za umeme zinatumia betri za chuma na fosfati, bila kobalti hata kidogo.

“Mama, ambia mdogo wangu aache shimo, ajifunze kazi nyingine.”

Mama akanyamaza. Feza ya shimo lile ndiyo inalipa masomo ya dada zake wawili.

“Kazi gani, mtoto wangu?”

Kijana hakujibu upesi. Mama akaniangalia mimi, pasta wake. Nami sikuwa na neno.